Sindano za Nashon

Mume wangu alipoanza kuyumba njiani, majirani wa mtaa wetu wa Kianda walipata la kusema. Ati Nashon, fundi wa redio, mtu wa kanisa, hatimaye ameonja chang'aa. Kavetsa wa chumba cha pili aliniambia hivyo usoni huku akikamua nguo zake. Nikamwambia amalize kufua za kwake kabla hajanitafutia mimi uchafu. Sina subira na watu wa namna hiyo, na mwaka huo wa sabini na nne sikuwa na subira na mtu yeyote.

Nashon hakuwa amelewa. Alikuwa akidungwa sindano za kifua kikuu. Alikohoa damu, akapigwa picha kliniki, wakaona mapafu yana kitu, wakasema ni TB. Makohozi wakapima na kupima tena, hayakuwa na chochote, lakini sindano zikaendelea. Na kadiri zilivyoendelea, masikio yake yakawa yanalia kama nzi aliyefungiwa kwenye mkebe. Kisha kichwa kikaanza kuzunguka. Kikohozi chenyewe hakikuondoka.

Kibanda chake cha redio kilikuwa Kawangware. Siku moja alirudi mapema, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Mama Adera," akasema, "mteja amenirudishia redio. Anasema inapiga filimbi. Nimeiweka hapa sikioni, sisikii filimbi. Wote waliosimama pale wanaisikia, mimi siisikii."

Fundi wa redio asiyesikia redio atakula nini? Nililia, sifichi. Halafu nikakasirika, na hasira ilinifaa, maana ndipo nilipomtazama vizuri. Miezi miwili ya dawa, na bado analala ameketi, ameegemea gunia la nguo, kwa sababu akilala chali pumzi inamkata. Mgonjwa wa TB wa nyumba ya nyuma alikuwa ameshanenepa. Wangu alikuwa akitembea kidogo tu, anasimama kushika ukuta.

"Kesho hudungwi," nikamwambia karibu na sikio.

"Watasema nimetoroka dawa."

"Hatutoroki. Tunaenda kukaa mbele yao."

Kesho yake tulikuwa kliniki mapema. Sista alipoita jina lake, nikasimama mimi.

"Sista, hizi sindano zinamuua masikio."

"Dawa kali ina ubaya wake, mama. Achague, masikio au mapafu."

"Ingekuwa inamponya mapafu ningemchagulia mapafu. Haimponyi. Leo hadungwi mpaka daktari amsikilize kifua upya."

"Unataka aambukize ploti nzima?"

Hapo alinichoma. Adera wetu alilala chumba hicho hicho, na kama nilikuwa nimekosea, mtoto ndiye angeumia. Nusura nimwambie sista haya, mdunge. Sikumwambia, nikaketi tena kwenye benchi. Nashon alinitazama, hakusikia tulichosema, akanishika mkono tu.

Benchi lilikuwa limebaki na sisi wawili daktari alipotoka, kijana mmoja Mkamba, Daktari Kavoi, macho yamechoka.

"Nani amekataa sindano?"

"Mimi," nikasema, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nikidungwa.

Alitaka kucheka, akaacha. Akatuingiza ndani, akauliza analalaje. Nikamweleza habari ya gunia. Hapo akabadilika. Akamlaza Nashon kwa ubavu wa kushoto, akaweka masikioni ile mipira yake ya kusikilizia kifua, akasikiliza mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akauliza kama utotoni aliwahi kuvimba magoti kwa homa. Nikamrudishia Nashon swali hilo kwa sauti ya juu.

"Nilivimba," akasema. "Mama alikuwa akinibeba mgongoni."

Daktari akanigeukia. "Hii si TB. Ile homa ya magoti iliharibu mlango mmoja ndani ya moyo, sasa umebana, haufunguki vizuri. Damu inarudi nyuma, inajaa mapafuni. Hiyo ndiyo anayokohoa. Sindano zinakoma leo. Nitampa vidonge vya kupunguza maji mwilini, lakini mlango wenyewe unataka wapasuaji."

"Na masikio?"

"Kizunguzungu kitapungua. Masikio hayatarudi."

Hakuna aliyeomba msamaha, na mimi nilikuwa na mengi ya kuwaambia. Lakini Nashon alikuwa akitutazama midomo, mara mimi, mara daktari, na hakuna aliyemwambia lolote. Akanyoosha mkono kwenye ile mipira.

"Nipe nisikie hicho ulichosikia."

"Ni sauti nzito, ya chini," daktari akaniambia. "Huenda akaipata."

Akamwekea masikioni. Nashon akafumba macho, akainamisha kichwa. Nilijua atakitikisa, na nilijua nikiona hivyo nitamvunjia mtu kitu humo ndani.

"Nasikia," akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Mama Adera, hii naisikia. Inanguruma."

Machozi yalikuwa yakimtoka. Nikamvua mpira mmoja, nikamweleza yote, kwamba si TB, ni mlango wa moyo umebana, kwamba masikio ndiyo basi, kwamba itabidi apasuliwe kifua. Ilibidi niseme kwa nguvu, korido nzima ikajua mambo yetu.

Kisha akauvua mpira wa pili, akamrudishia daktari.

"Huo mlango wanaufungua lini?" akauliza.