Makofi ya Uwanja wa Kibondo

Winifrida Ndayikunda alishuka kwenye basi mjini Kasulu asubuhi ya siku ya soko, amebeba kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitenge. Sokoni hakuingia. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi Shamsi, nyuma ya msikiti, akafungua kopo na kutoa kaseti iliyoota ukungu.

"Mama, hii ilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda. Haikuwa inamsumbua mtu."

Shamsi alifuta ukungu kwa pamba na spiriti, akauhamishia utepe kwenye kasha zima, akauingiza kwenye kompyuta. Zikasikika kelele za uwanjani, jenereta, mtu anakohoa. Kisha mwimbaji, sauti nyembamba kama ya mtoto wa darasa la pili.

"Huyo ni mimi," alisema Winifrida. "Wakati huo nilikuwa na watoto wanne."

Aliyerekodi alikuwa marehemu mumewe, Nkunzimana, siku wakimbizi wa kambi ya Mtendeli walipoalikwa kuimba uwanjani Kibondo. Alikaa katikati ya watu, redio kaseti mapajani. Betri zilikuwa zimechoka. Alikuwa amezianika juani tangu asubuhi zipate nguvu kidogo. Kadiri zilivyoishiwa, utepe ulizunguka polepole, na ndiyo maana sasa, ukipigwa kwa mwendo wa kawaida, kila kitu juu yake kilikimbia na kila sauti ikawa nyembamba.

Nakala ya kaseti hiyo iliwahi kufika kwa kamati ya tamasha la Kibondo. Kamati ilisikiliza, ikaamua kwamba mwimbaji alikuwa mtoto yatima wa kambini, na kwamba bila shaka alishakufa. Hakuna aliyeuliza. Winifrida alikuwa akiuza mihogo upande wa pili wa barabara, mbele ya dirisha lao. Tangu hapo, kila mwaka kwaya ya watoto huimba wimbo wake, wafadhili huchangia mfuko wa Yatima wa Mtendeli, na uwanja mzima husimama kimya kumkumbuka marehemu. Winifrida naye husimama, maana mgambo huwakemea wanaokaa.

Shamsi alijaribu kupata mwendo sahihi kwa kufuata mngurumo wa jenereta, akashindwa.

"Jenereta lenu siku ile lilikuwa limelewa, mama."

"Achana nalo. Rudisha pale akina mama wanapomsalimu mzee."

Salamu ya Waha ina makofi yake. Anayesalimu hupiga taratibu, husubiri kuitikiwa, hupiga tena, na hakuna mwanamke anayejiheshimu atakayeyaharakisha. Siku ile kila mzee aliyefika alisalimiwa hivyo, kwa hiyo makofi yalikuwepo kutoka mwanzo wa utepe hadi mwisho. Winifrida alipiga makofi akiwa kwenye benchi, Shamsi akapunguza mwendo, kipande baada ya kipande, mpaka makofi ya utepe yakalingana na yake.

Kipande cha kwanza kilipolingana, mzee aliyekuwa akisalimiwa aliingia dukani, na nyuma yake akina mama. Wengine waliingia kadiri kazi ilivyosonga. Mkohozi aliingia anakohoa. Walikaa juu ya redio mbovu, na Shamsi aliwaomba wasiegemee kioo. Winifrida alikuwa akitazama mlango, lakini Nkunzimana hakuja. Alikuwa amebana pumzi wimbo mzima asije akauharibu, kwa hiyo kwenye utepe hakuwemo.

Mwisho ikatoka sauti yake mwenyewe, nzito, ya mwanamke aliyetoka kulima shamba la mtu. Mshereheshaji akauliza nani katunga, na jibu lililokuwa likipita mbio sasa likasikika wazi. "Mimi, Winifrida Ndayikunda."

"Ndiye," walisema waliokaa kwenye redio.

Winifrida akachukua nakala iliyorekebishwa, wakapanda wote basi la Kibondo.

"Mama, hawa wote wako?" aliuliza konda.

"Ni wa mkanda."

"Basi wasibanane mlangoni."

Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Saady, aliwakaribisha wote, akaagiza viti kutoka ofisi ya jirani. Alisikiliza nakala hiyo mpaka mwisho.

"Tumewasikia," alisema. "Lakini hawa ni watu wa mkanda wenu. Na sisi tuna mkanda wetu."

Akabonyeza kitufe. Sauti nyembamba ilipoanza, mtoto wa kike aliyenyolewa kichwa alitokea chumba cha ndani, amevaa gauni jeupe. Alikuwa na mwanya wa meno kama wa Winifrida.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," waliitikia.

"Mtoto mzuri," alisema mama mmoja wa mkandani. "Ila siku ile hakuwepo, Mwalimu."

"Ameshazoeleka. Mabango yameshachapwa. Wafadhili wanamlilia huyu. Mama mtu mzima muuza mihogo, nani atamlilia?"

"Basi angalau semeni hakufa," alisema mkohozi.

"Akiwa hai, tutamsimamia nani?"

Winifrida aliinuka. "Jina langu limo humo kwa sauti yangu, Mwalimu. Sijaja kukuomba. Nimekuja kukwambia."

"Mama Winifrida, kweli unataka kumnyang'anya mtoto?"

Tamasha lilifanyika kama kawaida. Mgambo aliamuru watu wasimame. Mtoto alisimama kando ya Winifrida, ameshika pindo la kitenge chake.

"Tunamsimamia nani?" alinong'ona.

"Wewe."

Kwaya iliimba mbio mbio, kama nakala ya kamati. Watu wa mkandani walikunja mikono wasipige hata kofi moja. Kamati iliona makofi yamepungua, ikaazimia kukodi spika kubwa zaidi.

Jioni Mwalimu Saady alifunga ofisi akaenda zake. Kamati ilikuwa na picha ya mtoto, sifa zake na mfuko wake. Chungu haikuwa nacho. Winifrida akamchukua mtoto hadi nyumbani kwake, akamsongea ugali wa muhogo. Mtoto alikula kwa pupa, tonge juu ya tonge, mpaka akapaliwa. Winifrida akampigia makofi ya salamu, taratibu, na mtoto akaanza kutafuna kwa kuyafuata.

Mwaka uliofuata, siku ya tamasha, bango jipya lilitundikwa juu ya meza ya mihogo: mtoto yule yule, anatabasamu, na maneno ya kumwombea alale pema. Mtoto alilitazama kidogo, akaendelea kumenya. Ndipo mgambo akapita, akawaambia wote wawili wasimame.