Uzito wa Kule

Kikundi chetu cha watafiti wa anga hapa Pune, India, kina sharti moja: hakuna anayepanda jukwaani kabla mwenzake hajairudia hesabu yake tangu mwanzo. Hesabu ya Sharvari iliniangukia mimi, na watu wakampa pole mapema, maana mdomo wangu unajulikana.

Sharvari alikuwa amechambua wimbi la nguvu ya uvutano lililotoka kwenye mashimo meusi mawili, mabaki ya nyota zilizokufa, yaliyogongana mbali mno huko angani. Alisema ni mazito kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Wazazi wake walikuja kwa basi kutoka mji wa mbali wa Latur ili wamsikie akiyatangaza mchana ule.

Asubuhi nilimkuta kantini, poha yake, ule mchele bapa wa asubuhi, imepoa.

"Dada Anagha, usinizungushe. Nimepatia au nimeumbuka?"

"Wimbi lako lilianza safari likiwa fupi," nikamwambia. "Njiani ulimwengu ukazidi kutanuka, nalo likavutika. Limetufikia refu, sauti imeshuka."

"Mbona hayo nawafundisha wa mwaka wa kwanza?"

"Basi wakufundishe na wewe. Sauti ya chini tunaisoma kama kitu kizito, kwa hiyo kwanza tunauondoa ule mvutiko wa njiani. Wewe hukuuondoa. Umechukua uzito unaoonekana hapa, ukauita uzito wa kule."

Akafungua kompyuta, akautafuta mstari, akauona. Mashimo yake yalikuwa ya kawaida tu, kama mengine mengi tuliyokwisha kuyapima.

"Baba ametangazia mtaa mzima," akasema polepole. "Mpaka kinyozi."

Siku nyingine ningemtania. Siku hiyo nilimhurumia.

"Sema unaumwa, tuahirishe. Nitakutetea."

"Wametoka Latur kuja kuangalia mgonjwa?"

Mchana akapanda. Aliongea Kimarathi, lugha ya nyumbani, ingawa pale huwa tunaongea Kiingereza, ili wazazi wake wasipitwe na neno.

"Nilitaka kuwaonyesha mazito kuliko yote. Siyo. Nilikosea, na Anagha amenionyesha leo asubuhi. Sasa nitawaeleza jinsi umbali ulivyonidanganya."

Akaeleza. Maswali yalikuwa makali, hakulikimbia hata moja. Baba yake alikaa ameinamisha kichwa.

Ukumbi ulipoanza kutawanyika, mama yake akanijia na boksi la pedhe. Kwetu peremende hizo za maziwa ni za habari njema, nami niliona aibu, nikatafuta mlango kwa macho.

"Wewe ndiye Anagha?"

"Ndimi, mama. Nisamehe."

"Ungenyamaza, leo mwanangu angesifiwa."

"Angesifiwa, mama."

"Halafu kesho wangemcheka watu wasiomjua."

Akachukua pedhe moja na kunitia mdomoni kwa mkono wake, kabla hajampa hata Sharvari.

"Tafuna, mwanangu. Hujala tangu asubuhi, inaonekana."

Nikatafuna huku nalia mbele ya kikundi kizima, na hakuna aliyethubutu kunitania.