Meya Hakuguswa Bure

Kwa subira, bonde zima la Nono hakuna wa kunifikia. Naweza kukaa na kamera kwenye bustani ya shangazi Targelia mpaka kuvu iniote magotini, ndege wavumaji, wadogo kama kidole gumba, wakinywa asali ya maua mbele ya pua yangu wakidhani mimi ni kigingi. Jumapili ile nilivumilia dakika kumi na moja.

Sababu nilikuwa nayo. Mwisho wa kupeleka picha za kalenda ya parokia ulikuwa misa ya saa mbili, na Marlene, binti wa shangazi, alishapeleka yake. Ya mwaka jana ilikaa mwezi wa Machi, ikaning'inia katika kila jiko. Mimi nikabaki naitwa mpiga mikia, maana ndege wangu wote wanaondoka.

"Mwaka huu nao unatuletea majani?" Marlene aliniuliza Jumamosi.

"Subiri uone."

"Klever, tangu darasa la nane nasubiri."

Asubuhi nyasi zilikuwa na barafu. Kwenye vyupa vya maji ya sukari anavyowatundikia shangazi hakuna hata bawa. Ndipo nikamwona chini ya paa, kichwa chini miguu juu, kaning'inia kwenye kitawi: Meya. Shangazi alimpa jina hilo kwa sababu miaka mitatu anafukuza wenzake vyupani kama vyote ni vya serikali yake.

Hakuwa amekufa. Baridi ikizidi, wavumaji hujizima: moyo unasinzia, mwili unapoa kama kokoto, na jua likigusa ukuta wanajiwasha. Sheria ya shangazi ni moja, aliyelala hivyo haguswi mpaka jua lifike. Lakini jua lilikuwa bado nyuma ya mlima, na padri hasubiri mlima.

"Dakika moja tu, mheshimiwa," nilimnong'oneza.

Nikambandua, ukucha mmoja baada ya mwingine. Nikamkalisha kwenye kikonyo cha ua jekundu la tarumbeta, mdomo ndani. Picha ya kwanza, safi. Ya pili, Mungu wangu, Machi, Aprili na Mei kwa mpigo. Ya tatu, ua tupu.

Alikuwa chini, juu ya mawe.

Nilimwokota. Uzito wake kama karatasi iliyokunjwa. Jicho nusu wazi, halina nuru. Nikampulizia pumzi, nikamtia kwapani chini ya poncho, lile blanketi langu la kuvaa shingoni, nikahesabu mpaka mia. Kimya. Nikahesabu tena, haraka zaidi, kana kwamba hesabu ndiyo dawa.

Nikakimbilia jikoni. Birika la maji ya sukari guru lilikuwa mekoni kama kawaida ya kila nyumba kwetu. Tamu ni tamu, nikajiambia. Nikachovya kidole, nikakisogeza mdomoni mwake.

"Klever! Hiyo si guru?"

Shangazi, shali begani.

"Ni... ni tamu, shangazi."

"Guru inawaozesha ulimi! Unataka kumuua? Lete hapa!"

Alimpokonya, akamfunika kwa viganja karibu na moto, akaniagiza sukari nyeupe na maji ya vuguvugu. Nikavichanganya kikombeni. Akamdondoshea tone. Hakumeza. Tone la pili likateleza likaanguka mezani. Kuni zilikuwa zikipasuka.

"Meya wangu," shangazi alisema polepole. "Usinifanyie hivyo, baba."

La tatu likaingia.

Kwanza yalitetemeka manyoya ya shingo. Kisha mwili mzima, kama simu iliyozimwa sauti. Jicho likawaka. Akavuma mara moja, akagonga boriti, akapita mlangoni, akaenda zake.

Nikashusha pumzi. Kwa bahati mbaya ulimi wangu ulirudi kabla ya akili.

"Nimemkuta chini, shangazi, kwenye mawe. Bila mimi paka angeshamla."

"Chini?"

"Chini kabisa. Maskini, sijui nini kilimwangusha."

Shangazi alikuwa anataka kunishika mkono anishukuru. Marlene alikuwa kasimama mlangoni, nguo za misa, kitana bado kimekwama nywelini.

"Mama," alisema, "mimi nilikuwa dirishani nachana nywele. Hebu muulize kwanza alimbandua kwa mkono gani."