Mkono wa Nyekundu

Philomène Garrigue alikuwa mtu wa nyekundu. Katika karakana moja ya Paris, iliyopaka filamu rangi kwa mkono, kila mwanamke alikuwa na rangi yake moja: Zélie manjano, yule mnene wa dirishani buluu. Utepe wa filamu ulipita kwao mmoja baada ya mwingine, na kila kipicha, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kilipakwa kwa brashi ya nywele mbili tatu. Vipicha maelfu, jamani! Na mwaka wa tatu huo, Philomène alikuwa hajawahi kuviona vikitembea.

Tangu Pasaka mkono wake ulikuwa unatetemeka. Alikuwa mjane, hana kazi nyingine aijuayo, basi akaficha. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Madam Bourdelin, msimamizi, aliinua utepe wa nyumba inayoungua akauangalia kwenye mwanga.

"We Philomène! Nyekundu imemwagika nje ya moto. Hapa imezidi, hapa haikufika. Umelewa?"

"Sijalewa, Madam."

"Kesho asubuhi tajiri mwenye karakana anaitazama filamu hii. Akiikataa, usivue hata koti. Rudi kwako."

"Mama we, umekwisha," Zélie alimnong'oneza.

Asubuhi madirisha yakazibwa kwa mablanketi, wote wakaketi mbele ya shuka jeupe. Mashine ikazungushwa. Nyumba ikatokea, kisha moto.

Lahaula! Moto ulikuwa hai. Kwa kuwa hakuna vipicha viwili vilivyolingana, ile nyekundu iliruka, ikarudi, ikaramba dari, ikapumua. Philomène alisahau kibarua, akasahau hata jina lake. Mimi ndiye niliyefanya hivi? Machozi yakamtoka asiyafute. Binti mdogo akatokea dirishani, gauni lake jekundu nalo likitetemeka, na moto ukaonekana umemshika.

"Mtoeni mtoto!" mtu alipiga ukelele. "Anaungua, mtoeni!"

Alikuwa Madam Bourdelin, amesimama, mikono ameinyoosha kwenye shuka. Yeye aliyekagua kila kipicha kwa jicho lake!

Taa zilipowashwa hakuna aliyecheka. Tajiri alijipangusa jasho.

"Nani amepaka nyekundu?"

"Mimi, bwana."

"Moto katika filamu zetu zote upakwe hivyo hivyo. Madam, wanawake wote wafundishwe."

Madam Bourdelin alimpeleka Philomène mezani, bado kapauka, akampa brashi. Wenzake wakawazunguka.

"Haya, fundi, tuonyeshe," Zélie alisema. "Unautikisaje huo moto?"

Philomène akainua brashi. Angeweza kuwadanganya, na hakuna ambaye angejua. Akaiweka chini.

"Haufundishiki," alisema. "Siutikisi. Ni mkono unaotetemeka wenyewe, na sijui lini utakataa kabisa."

Madam Bourdelin akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaubana kwa nguvu, lakini haukutulia.

"Basi keti," alisema. "Utupakie nyekundu leo."