Bwana Siku Sitini

Kwenye korido za mahakama hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bwana Siku Sitini, na yeye, sitaki kumsingizia, alilipenda jina hilo kama mtoto anavyopenda kiatu kipya. Miaka thelathini alikuwa wakili wa kesi za biashara na rufaa, na silaha yake ilikuwa kalenda. Wewe leta rufaa yenye hoja nzito kama mlima. Ukizipita zile siku sitini za kuiwasilisha, hata kwa siku moja, imekula kwako! Alisimama mbele ya majaji watatu, akahesabu kwa vidole, akaketi. Rufaa ya watu ikatupwa bila kusomwa.

Na kumbe naye zilimpita, kwa siku mbili.

Tena si kwa kesi ya mtu baki. Ilikuwa ya dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye maisha yake yote ni kiwanda kidogo cha mikate. Jengo alilopanga lilikuwa limeuzwa, mwenye jengo mpya akataka kulivunja, ilhali mkataba wa dada ulibakiza miaka kumi na moja. Mahakama ya chini ilimnyima haki, lakini rufaa ilikuwa ya kushinda, hata kipofu angeona. Basi faili likawekwa wapi? Dirishani, chini ya mafaili ya makampuni. Wateja wakubwa hupiga simu, hufoka, hutishia kuhama. Dada alipiga kila Jumatatu kuuliza, "Umekula lakini?" Naye kila Jumatatu alimjibu kwamba mambo yanakwenda vizuri, kisha akajiambia wiki hii nitaliandika. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku ya sitini na mbili ndipo alipolivuta, akasoma tarehe, akahesabu kwa vidole.

Ilibaki njia moja: kuomba aongezewe muda, na kueleza kwa kiapo kwa nini alichelewa. Karani aliyefanya naye kazi miaka ishirini, mama wa miwani iliyofungwa uzi, alimwekea chai mezani.

"Bosi, andika kwamba nilikuwa naumwa. Mimi nina presha kweli, na cheti ninacho. Nitaapa."

Alitamani, tusidanganyane.

"Hapana, mama. Kosa nimelifanya mimi."

Akaandika ukweli mtupu: faili alilichelewesha mwenyewe, mteja hana hatia.

Siku ya kusikilizwa, dada alikuja na gauni lake la kutokea, akaketi benchi moja na karani. Upande wa pili alisimama wakili wa kike aliyejifunza kazi ofisini kwa Bwana Siku Sitini. Alikuwa amemwamkia mlangoni, "Shikamoo, mwalimu," macho chini kwa haya. Sasa alifungua kitabu, akasoma uamuzi wa miaka ishirini na miwili iliyopita: uzembe wa wakili si sababu, mteja ndiye aliyemchagua, na abebe mzigo wa chaguo lake. Hakutaja nani aliishawishi mahakama iseme hivyo. Ya nini? Majaji wote watatu walikuwa wakimtazama Bwana Siku Sitini. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Ungetuambia kulikuwa na ugonjwa," jaji wa katikati alisema kwa upole, "tungekuwa na pa kushika."

Maombi yakatupwa. Dakika kumi na mbili, basi.

Nje, dada, ambaye lugha ya majaji ilimpita, alimshika kiwiko. "Tumeshinda?"

"Hapana, dada. Faili lako nililiweka chini, nikashughulika na ya watu."

Dada hakumwachia kiwiko. "Karani kanieleza kule ndani. Alitaka kukuapia, ukakataa."

"Sikutaka kusema uongo."

"Miezi miwili unanidanganya kwenye simu kwamba mambo yanakwenda vizuri. Uongo huo uliuweza. Wa kuniokoa ndio uliokushinda?"

Wakili alilihamisha faili kwapa la pili.

"Na yule wa kesi ya kwenye kitabu, uliyemshinda wewe," dada aliuliza, "alikwenda wapi?"

"Sijui, dada. Alikuwa mzee mwenye karakana ya mbao. Sikuuliza."

"Haya," dada alisema, akauachia mkono wake, akashuka ngazi polepole akishika ukuta.

Ijumaa watu wa mwenye jengo walilivunja tanuri. Wakili alikwenda kusaidia kubeba trei, dada alimshukuru kama anavyoshukuriwa mpita njia, "Asante, wakili." Hakuwahi kumwita hivyo tangu azaliwe.

Jumatatu aliwahi ofisini, akakaa karibu na simu. Alipiga mteja wa saruji akifoka, ikapiga benki, ikapiga mahakama. Saa saba mchana karani alichungulia mlangoni, akamwona bado ameketi vilevile.

"Bosi, hutoki kwenda kula?"

"Nasubiri simu," alisema.