Maneno Niliyoyafuta

Nilisoma hadi darasa la nne tu, kwa kibao na chaki, na tabia ya kibao haijanitoka. Naandika kwanza lililo moyoni, nalitazama, nalifuta, ndipo naandika la kupeleka. Ndivyo nilivyokuwa nikimwandikia mdogo wangu barua kwenye kompyuta ya sebuleni, kwa kidole kimoja, asubuhi, mwanangu akiwa kazini na mkewe akishona nyuma ya kiti changu.

Siku moja niliandika, "Mwanangu ni mwoga kama marehemu baba yake." Nikaona aibu, nikafuta. Nikaandika kwamba wote tu wazima.

Jioni, mezani, mwanangu akaninyooshea mkono. "Mama, mwoga anaomba chumvi."

Nikarudisha tonge sahanini. Neno lile halikwenda kwa mdogo wangu wala kwa yeyote. Lilikaa kwenye kioo muda wa kupiga chafya mbili. Nani angeliona, kama si aliyekaa mgongoni kwangu?

"Mke wako ana macho marefu," nikasema.

Mkwe akaacha kula. "Mama, mimi naangalia sindano. Nikiangalia barua yako nitajishona kidole."

"Basi kajishone mdomo."

Akamgeukia mumewe. Mumewe alikuwa anachambua miba ya samaki, kwa makini kweli. "Yaishe," akasema, bila kuinua uso.

Hayakuisha. Nilimwita mdaku mbele ya mawifi zake, nikarudia na kurudia, mpaka Jumamosi moja akabeba cherehani yake akaenda kupanga chumba mtaa wa pili. Mwanangu alimshikia mlango.

Wiki tatu baadaye kompyuta ikaanza kujikokota. Nikamwita mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, maana yeye ni fundi wa kompyuta. Akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi, akateremka nayo polepole kama anayechambua mchele.

"Bibi, humu ndani kuna mgeni hakupiga hodi."

"Virusi?"

"Heri virusi. Hiki ni kidudu cha upelelezi. Kinaandika kila kitufe unachobonyeza."

"Na nikifuta?"

"Kinaandika kwamba umefuta. Na ulichofuta kinabaki nacho."

Nikazihesabu kichwani barua zangu zote.

Nilimuuliza kwa nini ile programu ya ulinzi haikukikamata. Akasema iliambiwa isikiguse, na wa kuiambia lazima awe na neno la siri. Neno lile analo mwanangu peke yake. Mimi nawashiwa tu. Fundi alinitazama. Akachomoa waya wa intaneti. Akakizima kile kidudu, kikajiwasha. Akakizima tena, kikajiwasha tena.

"Mbishi huyu," akasema. "Sijui kafanana na nani."

Akaiwasha kompyuta upya kwa hali ya matengenezo, ambamo vitu vichache tu huamka, akaenda hadi kwenye folda kilimojificha kwa jina la printa. Mlikuwa na anwani ya kupelekea taarifa, kila siku saa sita mchana. Akanisomea. Mwenye anwani ile nimemnyonyesha miaka miwili.

"Nifute sasa?"

"Kwanza nichapie ukurasa wa siku ile, pamoja na anwani. Mkwe wangu auone."

Akaufungua, akasoma, akajikuna shingo. "Bibi, huu una na mengine."

Nikavaa miwani. Mstari wa mwoga ulikuwapo. Chini yake, kidole changu kilekile, asubuhi ileile: "Mkwe anangoja nife apate chumba cha cherehani." Nalo nililifuta. Nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Naweza kuutoa huo mstari," fundi akasema. "Hatajua mtu."

"Nimeshafuta vya kutosha. Chapa."

Akachapa. Ndipo akafuta faili zake moja moja, akafuta na ile amri iliyokuwa ikikiamsha kila kompyuta inapowaka, akawasha upya, akaangalia mara mbili. Hakikurudi.

Mwanangu alipoingia akaona waya uko sakafuni. "Nilikuwa nakulinda na matapeli, mama."

"Na mkeo ulikuwa unamlinda na nani?"

Akaangalia viatu vyake. "Usimwambie."

Nikamwambia lile neno usoni, na safari hii sikulifuta.

Kesho yake nikaenda mtaa wa pili. Mkwe alisoma karatasi amesimama, mpaka mwisho.

"Asante kwa kunisafisha, mama." Kidole chake kikashuka. "Na hili?"

"Nililifuta, mwanangu."

"Naona. Wameandika hapa kwamba ulilifuta."

Nikamwomba msamaha. Nikamwomba arudi nyumbani. Alinivutia kiti, kisha akaizungusha cherehani, miguu yake ya chuma ikikwaruza sakafu, mpaka ikanielekea uso kwa uso. Akaketi, akatia uzi kwenye sindano.

"Kaa hapohapo," akasema. "Hapo nakuona, na wewe unaniona."