Konokono Wazima

Mama Pacha alimtoa konokono kwenye tope, akagonga gamba lake kwa ukucha, akangoja. Konokono akajivuta ndani. Akamtia kwenye ndoo. Aliyefuata hakujivuta, naye akamrusha nyuma ya bega, majanini, akaendelea. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na vidole vyake vilikwisha kuizoea kiasi kwamba macho aliyaacha kwa mtoto.

Mtoto alikaa juu ya gunia ukingoni mwa mfereji, ameegemea ukuta wa kiwanda. Nyuma ya ukuta huo betri za magari zilizochakaa zilivunjwa na kuyeyushwa ili kupata madini ya risasi, na maji ya kuoshea yalitoka kwenye bomba yakaingia mferejini hivyo hivyo, ya kijivu, yenye povu. Mtoto aliitwa Mdogo kwa sababu alizaliwa wa pili. Mkubwa alikufa kwa degedege msimu wa mvua uliopita. Mama yao aliendelea kuitwa Mama Pacha, maana hakuna jirani aliyekuwa na uso wa kumbadilishia jina, na yeye mwenyewe hakutaka.

"Mdogo, hii nini?" Aliinua ndoo.

Mtoto akaitazama. Midomo ikahangaika.

"Ile," akasema.

"Ile nini, baba?"

"Ile ya... ile."

Juzi juzi tu alikuwa akiipiga ndoo hiyo kama ngoma na kuitaja kwa jina. Mama Pacha akainama tena topeni. Aliogopa, na hakutaka mtoto amwone.

Mganga wa zahanati alikwisha mpima damu, akakunja uso. Dawa ya kutoa risasi mwilini ipo, alisema, lakini iko hospitali kuu, na hupewa watoto wa maeneo yaliyotangazwa kuwa yameathirika. Mtaa huu haujatangazwa. Kamati ya uchunguzi inakaa Alhamisi. Ikikubali, mtoto anapata dawa na familia zinahamishwa. Ikikataa, yeye mganga mikono yake imefungwa.

"Na nikiipata dawa kwa njia nyingine?"

"Halafu umrudishe kwenye vumbi lile lile la kiwanda? Tutakuwa tunajaza maji kwenye pakacha."

Basi alibaki na Alhamisi.

Mtafiti wa chuo alikuja kuchukua ndoo, amevaa mabuti yaliyomzidi miguu. Mtaa mzima ulimwita Daktari Konokono, naye alicheka tu. Alikuwa mwema, alimletea Mdogo maziwa, na hakuziba pua.

"Wazima tu, Mama Pacha?"

"Wazima watupu. Gonga uone." Akafuta mikono kwenye kanga. "Lakini Daktari, hawa wana nini? Samaki walikwisha kufa. Vyura wamekwisha. Wao wananenepa."

Mtafiti akachuchumaa. "Kila kiumbe ana jeni, maagizo anayorithi kwa wazazi wake. Hawa wana jeni moja inayofanya kazi bila kupumzika. Inatengeneza kitu kinachoikamata risasi na kuifungia pembeni mwilini, isiwadhuru."

"Kwa hiyo wamejifunza."

"Hawajajifunza chochote. Ambao jeni yao ilikuwa dhaifu walikufa, wengi mno. Hawa ni watoto wa waliobaki, na wajukuu wao. Konokono huzaa mamia, na haraka."

Mama Pacha alimtazama mwanawe. "Na sisi?"

"Sisi hatuzai mamia, mama."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mama Pacha alikaa mstari wa mbele, Mdogo mapajani, kichwa cha mtoto kizito kifuani mwake. Mbele walikaa wanakamati, na pembeni yao wakili wa kiwanda, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Mtafiti alisimama kutoa ushahidi akiwa bado hajamaliza kupanga karatasi zake.

"Daktari," wakili akaanza, "konokono wa mfereji huu wanaishi, hawaishi?"

"Wanaishi, lakini..."

"Wanazaana?"

"Wanazaana. Mheshimiwa mwenyekiti, naomba nieleze, wanaishi kwa sababu wenzao..."

"Utaeleza," alisema mwenyekiti. "Jibu maswali kwanza."

"Katika wote uliopokea maabara, wangapi walikuwa wafu?"

"Hakuna. Sikuagiza wafu. Jeni tunazisoma kwenye nyama mbichi. Mfu anaoza, hanifai."

"Hakuna," wakili akarudia, akimtazama karani mpaka akaandika.

Mama Pacha alijikuta amesimama. "Wafu wapo! Nimewatupa mimi, kwa mikono yangu hii!"

Alidhani ameokoa jahazi. Wakili akamgeukia kwa heshima zote.

"Uliwatupa wapi, mama yangu?"

"Nyuma yangu. Majanini."

"Uliwahesabu?"

"Niwahesabu wa nini? Niliambiwa wazima tu."

Watu wachache wakacheka, wengine wakiwa majirani zake. Mtafiti akainamisha kichwa.

"Ahsante kwa ukweli wako. Na huyo uliyembeba?"

"Mwanangu."

"Kazaliwa wapi?"

"Hapa hapa. Ukutani pa kiwanda chenu."

"Na maji anakunywa ya wapi?"

"Ya kisima cha kando ya mfereji. Kuna mengine?"

Wakili alinyoosha mikono, na kabla Mama Pacha hajajua kama akubali au akatae, mtoto alikwisha simamishwa juu ya meza mbele ya kamati. Mdogo alipenda watu. Aliziona nyuso zote zile zinamtazama, akatabasamu. Simu zikainuliwa kumpiga picha.

"Hujambo, kijana?"

"Sijambo," alisema Mdogo, kwa sauti safi kabisa. Neno hilo bado alikuwa nalo.

Ukumbi ukampigia makofi.

"Mwulizeni kitu kingine!" Mama Pacha alipiga kelele. "Mwulizeni hiyo meza inaitwaje! Walikuwa wawili, jamani! Walikuwa pacha!"

Wakili aliinua karatasi. "Cheti cha marehemu kinasema homa, mheshimiwa."

"Pole sana, mama," alisema mwenyekiti, na huenda kweli alimhurumia. "Lakini kamati inaangalia waliopo."

Uamuzi ulisomwa jioni ile ile, na zamu ya mtafiti ya kueleza haikufika. Viumbe wa eneo hili, ulisema, wameonyesha uwezo wa kuridhisha wa kuhimili mazingira yao. Mtaa hautatangazwa. Daktari Konokono alimfuata Mama Pacha mlangoni akilia, akisema ataandika barua, atakwenda juu zaidi. Mama Pacha aliendelea kutembea. Alikuwa na hasira naye, na alijua si haki.

Wiki iliyofuata kiwanda kiliweka tangi la kioo langoni, wageni waone konokono wakipanda na kushuka kwenye maji ya mfereji. Hata humo wengine walikuwa wanakufa, kwa hiyo ilibidi mtu awatoe asubuhi kabla ya magari kufika, na kuleta wengine. Meneja alimwita Mama Pacha.

"Unawajua vizuri," alimwambia. "Wazima tu, eh?"

Angekataa kwa jeuri gani? Mtoto alikuwa hajala tangu jana.

Alikunja kanga, akaingia mferejini. Alitoa konokono, akagonga, akangoja, akatia ndooni. Alitoa mwingine, akagonga, akatupa. Mdogo alikuwa kwenye gunia lake, ameegemea ukuta, amefumba macho nusu.

"Mdogo," aliita.

Kimya.

"Mdogo, mimi nani?"

Alitoka majini na ndoo mkononi, akachuchumaa mbele yake. Akanyoosha ukucha wenye tope, akamgonga begani, taratibu, akangoja.